Nilivyoupa Mwezi wa Makaa Sauti

Chepkoech ameniomba niandike haya kabla sijasahau. Nimemwambia mimi sisahau kitu, ninyi ndio husahau kuhifadhi kazi mpaka stima inapotea. Lakini aliomba kwa heshima, nami nimestaafu, na kuku wangu hapa Bahati hawana subira ya kunisikiliza. Basi someni, ninyi mnaokalia kiti changu sasa pale juu ya duka la agrovet. Mambo ya vyeo na mshahara sitayagusa, maana hayo mnayajadili vya kutosha mkienda chai. Nitawaambia kazi.

Mnanijua kama Mathe wa Sauti, na wengi wenu mnadhani nilianzia kwenye gemu. Nilianzia redioni, stesheni ndogo hapa Nakuru mjini, kitengo cha michezo ya kuigiza. Aliyenifunza ni Mzee Odhiambo, mtu mrefu, mkavu, aliyevaa sweta hata jua likiwaka. Siku yangu ya kwanza alinipa sufuria na kilo ya mchele, akakaa, akasema, "Nipe mvua." Nikamimina mchele kwenye sufuria. Nilijiona mjanja sana.

"Hiyo ni mvua ya wapi?" akauliza.

"Ni mvua tu, Mzee."

"Hakuna mvua tu. Mvua inanyeshea kitu. Inanyeshea mabati? Mahindi? Ama mtu aliyetoka kanisani bila mwavuli?"

Nilipiga mvua siku nzima. Mchele ulimwagika mpaka mfagiaji akaacha kunisalimia. Jioni nikatandika gunia juu ya kipande cha bati, nikamimina polepole kwa vidole. Mzee Odhiambo akafumba macho kidogo, akasema, "Sasa huyo mtu amelowa," kisha akaenda zake kunywa chai. Sikusifiwa, na sikuhitaji. Tangu siku hiyo sijawahi kurekodi kitu bila kujiuliza kinamwangukia nani.

Redio ilipoamua kwamba watu hawataki tena michezo ya kuigiza, wanataka mabishano ya asubuhi na nyimbo, kitengo chetu kilifungwa. Nilikuwa nimeshapita hamsini. Niliumia, tena sana, na sitajifanya hapa kwamba nilipokea kwa moyo mkunjufu. Nilirudi nyumbani na kukaa nimenuna, mpaka Njoroge akaja kunitafuta. Alinijua kwa sababu nilikuwa nasimamia vipaza sauti vya kanisa lao. Alikuwa na chumba, kompyuta chache, na mdomo unaoweza kumuuzia mtu kivuli chake mwenyewe.

"Mathe, tunatengeneza gemu," akasema.

"Ya karata?"

"Ya kompyuta. Mtu anaanguka na chombo chake kwenye mwezi wa volkeno. Anatakiwa kuishi mpaka aokolewe. Tuna picha, tuna hadithi, lakini hatuna sauti. Ni kimya kama friji imezimwa."

Nikaenda kuangalia tu. Ndivyo nilivyomwambia mume wangu, naangalia tu.

Chumbani nikamkuta Chepkoech. Wakati huo alikuwa msichana mwembamba, mkali, mwenye tabia ya kula njugu huku akiandika. Mwezi ule aliubuni yeye. Aliuita Makaa. Alinieleza kwamba Makaa unazunguka sayari kubwa mno, na sayari hiyo inaukaba na kuuachilia, inaukaba na kuuachilia, mpaka tumbo lake linayeyuka. Huko hakuna mti. Hakuna mto ila wa moto. Mabonde yamejaa hewa ya kiberiti isiyoonekana, na kaka la juu, lile ganda la lava iliyopoa, linaweza kuvunjika chini ya miguu yako wakati wowote. Nilimuuliza alipata wapi fikira mbaya namna hiyo. Akasema alilelewa ukingoni mwa kreta ya Menengai, na kila jioni mama yake alimwambia akisogelea moshi ule wa shimoni hatarudi.

Akanikalisha, akanipa vidude vya kuendeshea. Nikatembea kidogo kwenye Makaa, nikasimama kutazama lile anga jekundu, nikaanguka.

"Nimefanya nini?"

"Umekufa, Mathe."

"Kwa nini?"

"Umesimama. Ukisimama Makaa, ardhi inakupasha moto mpaka unaiva."

Nikasema huo ni ufidhuli, nikaomba nirudie. Nikarudia mpaka saa ya kwenda nyumbani ikapita. Hivyo ndivyo nilivyoajiriwa.

Kijana mmoja wa picha alinipinga tangu mwanzo. Ati mwezini hakuna hewa, kwa hivyo hakuna sauti, kwa hivyo kazi yangu ni bure. Chepkoech alimjibu bila kugeuza kichwa, "Makaa kuna hewa. Ni mbaya tu." Nikampenda hapo hapo.

Sasa vifaa, maana najua mtaninunia nisipovitaja. Ile lava inayochemka mnayoisikia katika sehemu ya pili ni uji wa wimbi, mzito, kwenye sufuria pana, moto mdogo. Usikoroge. Kaka linalovunjika ni ukoko wa ugali wa jana. Wa leo bado una unyevu, haupasuki vizuri. Pumzi ya ndani ya helmeti ni mimi mwenyewe nimeingiza uso ndani ya jagi la plastiki, na yule anayekohoa ni mimi pia, nilikuwa na homa kweli. Mawe mepesi ya kutoa sauti za nyayo niliyaokota mlima Longonot, nikabeba kwa gunia, na kondakta akaniuliza kama ninaenda kujenga.

Upepo ndio ulionitesa. Maikrofoni ikipigwa na upepo inanguruma, hupati chochote, na vile vifuniko vya manyoya vya kuagiza vilikuwa havifiki. Nikashuka Kikopey, nikamwomba mwenye bucha moja ngozi ya mbuzi yenye nywele ndefu. Nikaikausha, nikaishona kama soksi. Ilifanya kazi kuliko kitu chochote nilichowahi kutumia. Tatizo lake lilikuwa moja, kila mbwa wa Bonde la Ufa alitaka kuwa rafiki yangu.

Kwa sauti za mvuke nilienda Eburru, bila wenzangu. Mnajua kule juu, ardhi inatoa moshi kando ya njia na ng'ombe wanapita tu. Nilipokewa na Teresia, mama wa makamo anayelima viazi na kufuga kondoo wachache. Alinionyesha nyufa zinazopuliza na zile zinazonong'ona. Nikarekodi zote huku mbwa wake wawili wakinilamba soksi ya mbuzi. Kwa Teresia, kama kwa majirani zake, bomba limelazwa juu ya ufa, mvuke unaingia, unapoa njiani, na upande wa pili maji yanadondoka ndani ya pipa. Kule hakuna mto. Maji ya kupikia, ya kuoga, ya kunyweshea kondoo, yanatoka hapo. Nilikunywa chai yake, ilikuwa tamu, nikashukuru, nikarudi Nakuru na sauti zangu. Chepkoech akazichukua na kuziweka pale alipopangia, kwenye nyufa za Makaa, ambazo ukizigusa zinakuua papo hapo.

Halafu ndipo akaja Erik. Hakuja kwa miguu, alikuja kwa skrini. Kampuni yao ya ng'ambo ndiyo ingeuza gemu yetu duniani, na bila wao hatukuwa na njia nyingine. Alikuwa mtu mpole, na upole wake ndio uliotutisha. Alisema wamewapa watu wao wacheze, na karibu wote wameacha kabla ya sehemu ya kwanza kuisha.

"Ni mahali pazuri," akasema kwa Kiingereza chake cha taratibu. "Lakini panaua tu. Mtu anachoka kuuawa. Tuwekeeni ziwa. Tuwekeeni miti. Iwe sayari ya kijani, tutaichukua."

Njoroge akasema tutafikiria. Simu ilipokatika, Chepkoech akafunga kompyuta yake taratibu, na mimi nikajua hiyo taratibu si njema.

"Mkiweka miti, mimi natoka," akasema.

"Chep, si lazima tule?" Njoroge akamjibu.

"Sijasema usile. Nimesema natoka. Nitarudi kwetu nifunze watoto kompyuta, na nyinyi mtatengeneza bustani. Bustani ziko mingi. Hii ilikuwa moja tu."

Hakuwa anatishia. Alikuwa ameshachoka. Na bila yeye hakukuwa na gemu ya kijani wala nyekundu, Njoroge alilijua hilo vizuri. Akampigia Erik tena kesho yake, akambembeleza, akapata wiki chache. Tukiweza kumfanya mchezaji abaki Makaa mpaka mwisho wa sehemu ya kwanza, mwezi utabaki ulivyo. Tukishindwa, miti. Mimi nilikuwa sina pa kwenda na umri wangu, hilo ni kweli, lakini si hilo lililoniuma. Niliupenda mwezi ule. Nilikuwa nimeupa pumzi yangu na homa yangu, sikutaka kuusikia ukiimbiwa na ndege.

Vijana wa Nakuru walikuwa wameshaizoea gemu, hawakufaa tena kuijaribu. Nikasema twende Eburru. Teresia alikuwa ameniuliza mara nyingi kwa simu moshi wake nimeupeleka wapi. Tukabeba kompyuta mpaka ukumbi wa kanisa lao, tukaunga waya, na watu wakaja, vijana na akina mama, na wazee wawili waliosema wamekuja kutazama tu. Tuliwaambia jambo moja, mfanye mjuavyo mpaka muokolewe. Hatukuwaeleza zaidi ya hapo.

Walianza vizuri. Walikwepa mito ya moto, walikanyaga kaka kwa tahadhari, walihepa mabonde ya kiberiti kuliko mtu yeyote tuliyewahi kumwona. Mara mmoja akafa kwenye ufa wa mvuke. Akafa mwingine, kwenye ufa. Mwingine tena. Ukumbi mzima ulikuwa unakufa mahali pamoja. Walikuwa hawatelezi, walikuwa wanatembea moja kwa moja, wanafika, wanainama, wanakufa. Wanaanza upya, wanarudi pale pale. Chepkoech alisimama nyuma na njugu zake mkononi, hali hata moja.

Teresia akatupa vidude mezani. "Hii kitu yenu imeharibika."

Chepkoech akamsogelea. "Mama, mbona unarudi pale kwa moshi? Si umeona inaua?"

"Nimeona. Lakini ile alama ya kiu imekuwa nyekundu. Niende wapi?"

"Kuna mitungi ya maji. Iko kwa chombo chako kilichoanguka."

"Iko mbali. Na moshi iko hapa." Teresia akamtazama kama anayemhurumia. "Mtoto wangu, mtu akiwa na kiu haendi kwa moshi?"

 Yule mzee mmoja aliyekuja kutazama tu akasema, "Hata mimi ningeenda huko," na wengine wakaitikia, wala hawakuwa wanabishana, walikuwa wanasema jambo la kila siku. Chepkoech akatoka nje. Nilimfuata baada ya muda nikamkuta nyuma ya nyumba ya jirani, kiganja chake kiko juu ya bomba la mvuke, anakiondoa likichoma, anakirudisha.

"Mathe, mimi nimeogopa huu moshi tangu nikiwa mdogo," akasema. "Sikuwahi kujua watu wanaunywa. Ni mwendo wa asubuhi moja tu kutoka kwetu."

"Wewe kwenu ulifunzwa kuuogopa, hawa kwao walifunzwa kuunywa," nikamwambia. "Sasa tunafanya nini?"

"Makaa inabaki mbaya. Siondoi hata jiwe. Lakini mahali panapokuua ndipo patakapokunywesha."

Tulirudi Nakuru na kazi ya kuvunja mgongo. Mpango wake ulikuwa hivi. Ile mitungi ya maji ya chomboni itakuwa imepasuka. Mchezaji atang'oa bomba, mabati na pipa tupu kutoka kwenye chombo chake kilichoanguka. Atayalaza juu ya ufa kwa uangalifu, maana akikosea mvuke bado unamuua. Atapanga mawe ya kusimamia, kwa sababu Makaa ukisimama chini unaiva. Halafu atangoja matone. Angoje wakati dhoruba ya majivu inakuja na mawe yanapata moto taratibu chini yake. Akiondoka mapema, maji hayatamfikisha. Akichelewa, dhoruba inamkuta.

Njoroge alishika kichwa. "Chep, watu wananunua gemu wapige risasi. Nani atakaa kungoja tone?"

"Yule mwenye kiu."

"Na kama hana subira?"

"Afe. Ni Makaa."

Kazi ya tone ikawa yangu, na ndiyo kesi ngumu kuliko zote nilizowahi kupewa. Nilirekodi bomba la bafu. Likasikika kama bafu. Nilirekodi sufuria, beseni, karai, kopo la rangi. Chepkoech alisikiliza kila kimoja, akatikisa kichwa. Mimi mwenyewe nilijua ni uongo. Lilikuwa tone tu, halikuwa linamwangukia mtu. Siku zinakwenda, Njoroge anapita nyuma ya kiti changu akikohoa kikohozi cha mkubwa, na mimi nina makopo mengi kuliko mwenye duka. Nilimwambia akikohoa tena nitamrekodi nimweke kwenye gemu kama mnyama. Kisha nikachukua soksi yangu ya mbuzi nikapanda Eburru peke yangu.

Teresia alikuwa amemwaga pipa lake kulisafisha, lilikuwa tupu. Nikatega maikrofoni karibu, tukaingia jikoni. Alimenya viazi, nikamsaidia, tukasema watu, mambo ya kawaida. Huko nje matone yanaanguka. Katikati ya maneno yake akasema, "Imefika nusu," akaendelea kumenya.

"Umejuaje?"

"Si unasikia?"

Nikanyamaza nikasikia. Pipa likiwa tupu, tone linalia kwa kina, kama mtu anayegonga mlango wa nyumba isiyo na vitu. Kadiri maji yanavyopanda, sauti inakuwa fupi, nyembamba, inapanda. Teresia hajawahi kutoka jikoni kwenda kuchungulia pipa. Alisema mama yake pia hakuwahi, na mtoto yeyote wa huko akitumwa kuangalia maji anasimama mlangoni tu, anasikiliza, anarudi na jibu. Nilirekodi pipa lile kutoka tupu mpaka likafurika. Ilichukua sehemu kubwa ya siku, na viazi vyote vya nyumba ile tulivimaliza.

Nilipomwekea Chepkoech masikioni, alisikiliza mpaka mwisho bila kuguna. Kisha akaifuta alama aliyokuwa ameiweka kwenye skrini kuonyesha maji ya pipani. Akaondoa rangi, akaondoa mstari, akaondoa kila kitu kinachoonyesha pipa limefika wapi. "Asikie," akasema. "Kama hasikii, hajui." Njoroge akasema huo ni wazimu, na kwamba tumekosa akili wote wawili, kisha akaenda akarekebisha taa za dhoruba ili giza lisaidie sikio. Hivyo ndivyo Njoroge anavyokubali jambo, mtazoea.

Siku ya Erik ilifika. Alitaka kucheza yeye mwenyewe, sisi tukimwona kwenye skrini, uso wake upande mmoja na Makaa upande wa pili. Tulijipanga chumba kizima, hata yule kijana wa picha aliyesema mwezini hakuna sauti. Chepkoech alikaa karibu nami. Mkono wake ulikuwa baridi, najua kwa sababu aliushika wangu chini ya meza na hakuuachilia.

Erik alikufa kwenye kaka. Akafa kwenye kiberiti. Akasema neno la lugha ya kwao ambalo halikuhitaji kutafsiriwa. Akasimama kutazama anga, akaiva. Nilimwona akitazama saa yake. Kisha alama ya kiu ikawa nyekundu, akageuka huku na huku, akauona mvuke. Akausogelea, akafa. Akarudi. Safari hii alibaki mbali kidogo, akautazama. Akaenda kwenye chombo chake, akang'oa bomba na pipa. Alilaza vibaya, akaungua. Akalaza tena. Akapanga mawe, jiwe juu ya jiwe, kwa haraka, akapanda juu.

Tone la kwanza likaanguka ndani ya pipa tupu.

Uso wake ukasogea karibu na kioo. Tone jingine. Upeoni dhoruba ilikuwa imeanza kunyanyuka, nyekundu chini, nyeusi juu, na mawe aliyosimamia yalikuwa yameanza kubadilika rangi. Mtu mwenye akili angekimbia. Hakukimbia. Nilihesabu matone kichwani nikapoteza hesabu, sauti inapanda kidogo kidogo.

Njoroge alikuwa ameandaa hotuba. Alikuwa ameikariri wiki nzima, kuhusu kwa nini Makaa isiwekwe miti, na naona alidhani kimya kile kilikuwa kibaya. Akasafisha koo.

"Bwana Erik," akaanza, "kuhusu suala la ziwa, sisi tungependa kueleza..."

Erik akainua kidole bila kutuangalia. Sauti yake ilikuwa ya chini, ya mtu anayeogopa kuamsha mtoto.

"Tafadhali nyamazeni kidogo," akasema. "Nasikiliza pipa langu."

Chepkoech akaziba mdomo wake kwa mkono wa pili, machozi yakamtoka. Tukanyamaza sote, tukamngoja maji yake yajae.